Agnela Nanyaro: Mkutubi wa Wote, Mke wa Mmoja

Mchungaji, wazee wa usharika, waheshimiwa mlioketi mbele, na ninyi mliopanda kutoka Kikatiti kwa miguu asubuhi hii: wasifu huu umeandikwa na mume wa marehemu, Abdiel Nanyaro, kwa mkono wake mwenyewe. Kamati ya mazishi ilimwomba aufupishe utoshe ukurasa mmoja wa ratiba. Aliwajibu kwamba mke wake hakuwa mtu wa ukurasa mmoja. Unasomwa na mdogo wa Abdiel, Eliasi, ambaye ameapa kutoruka mstari, hata ule ambao angependa sana kuuruka.

Marehemu Agnela alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 huko Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ludovick Mosha na Mama Sesilia. Baba yake alikuwa na kihamba cha kahawa na duka dogo lililouza chumvi, sukari na mafuta ya taa. Sukari ilifungwa kwenye kurasa za magazeti ya zamani, na Agnela alijifunza kusoma kwenye kurasa hizo, akisimama nyuma ya kaunta kabla hajaanza shule. Akikuta habari tamu hakufunga sukari mpaka aimalize, na mteja alisubiri. Siku moja mteja hakusubiri. Aliondoka na sukari yake na mwisho wa habari, na mtoto wa miaka sita akamkimbiza mpaka mtoni, akamsihi afungue tu upande mmoja amalizie. Yule bwana alifungua, sukari ikamwagika, na Mzee Ludovick akasema mtoto huyu atamfilisi. Mume wa marehemu amesimuliwa kisa hiki mara nyingi, na kila mara kimemuuma kwamba mteja asiyejulikana jina alimwona Agnela akikimbia na nywele zake zikiwa timutimu, na yeye Abdiel hakuwepo.

Alisoma shule ya msingi huko huko Kibosho kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari mjini Moshi hadi 1978. Shule ile ya sekondari ilikuwa na vitabu vizuri, lakini viliwekwa kwenye kabati la kioo lenye kufuli, na ufunguo aliushika mkuu wa shule. Kabati lilifunguliwa wageni wakija, vitabu vikapanguswa, wageni wakasifu, likafungwa. Agnela alikuwa akisimama mbele ya kioo kile akisoma migongo ya vitabu tu, na aliijua yote kwa moyo kwa mpangilio wake, kutoka kushoto kwenda kulia. Alisema ndipo alipoamua kazi yake. Mwaka 1981 alihitimu cheti cha ukutubi jijini Dar es Salaam.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika maktaba moja ya umma mjini Arusha, akakaa hapo mpaka alipostaafu. Wasomaji wake wa miaka ile wengine wako hapa leo. Walimpenda. Mume wa marehemu ameliandika neno hilo kwa kukandamiza kalamu, kwa sababu hakupenda jinsi walivyompenda. Walimletea maparachichi, walimletea kadi za Krismasi, na daktari mmoja alimletea kanga. Kanga hiyo ilitumika kama tambara la kufutia mizinga ya nyuki, na habari za mizinga zinakuja.

Kitu kimoja kilimkera Agnela kazini, nacho kilikuwa ada. Haikuwa kubwa. Walioipanga walikuwa watu wa mishahara, na kwao ilikuwa bei ya soda. Lakini aliyekaa karibu na mlango ni Agnela, na aliwaona waliofika mpaka mlangoni wakageuka. Alisema watu hao hawabishani wala hawalalamiki. Wanajipapasa mfukoni, wanajifanya wamekumbuka jambo nyumbani, wanaondoka. Siku moja aligeuka binti wa fundi viatu wa Ngarenaro akiwa bado na sare ya shule. Agnela akamwita, akamlipia kutoka kwenye mkoba wake. Kesho yake wakaja watano. Jioni ile alimwambia mumewe, "Baba Nice, haya niliyofanya ni mchezo tu. Mtu mmoja hawezi kuwa serikali." Tangu siku hiyo mume wa marehemu hakula chakula cha jioni bila kusikia neno serikali.

Sasa ndoa. Aprili 1985 Abdiel alikuwa fundi magari Ngarenaro. Mvua ya masika ilimkuta mjini, akaingia maktaba kujikinga. Dada aliyekaa mezani alimtazama mikono, akamwambia, "Kanawe kwanza. Vitabu havili grisi." Abdiel alikwenda bombani mvuani, akanawa, akarudi amelowa chapachapa, na ili aonekane ana shida ya maana akachukua kitabu kilichokuwa karibu zaidi na meza ya yule dada. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki.

"Unafuga?" Agnela akamuuliza.

"Nafuga."

"Una mizinga mingapi?"

"Miwili."

"Ya kisasa au ya magogo?"

"Yote miwili," Abdiel akasema.

Abdiel alikuwa anaogopa nyuki, na bado anawaogopa. Lakini baada ya miezi mitatu ya kuazima na kurudisha, Agnela alisema angependa kuja Meru na shangazi yake kuiona mizinga hiyo. Ikabidi itafutwe. Ilipatikana kwa wafugaji wa upande wa magharibi wa mlima, ikasafirishwa na nyuki wake ndani, na wiki ya harusi nyuki mmoja akamuuma bwana harusi. Picha iliyoko sebuleni, ambayo wengi wenu mmeitazama juma hili na kuuliza, inaonyesha mtu mwenye furaha na mdomo wa juu uliovimba.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Oktoba 1986 katika usharika wetu huu. Agnela alikuwa Mkatoliki, akaingia Ulutheri kwa ajili ya ndoa, na Mzee Ludovick alinuna mpaka Pasaka. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza ni Nice, na alipozaliwa mwaka 1987, kwa desturi yetu jina la ujana la mama yake likapumzishwa, akawa Mama Nice, na Abdiel akawa Baba Nice. Abdiel alilipenda jina la Mama Nice kuliko majina yote, kwa kuwa ndani yake na yeye yumo.

Agnela alistaafu Mei 2016 na kurudi kijijini hapa Nkoansaro. Mume wa marehemu alidhani sasa ni zamu yake. Alikuwa amemgawana na mji mzima kwa miaka yote ya ndoa, amevumilia madaktari na kadi zao, na alikuwa ameshapaka rangi baraza na kupanda maua asiyoyajua majina. Juma la pili Agnela aliliona ghala la zamani la kahawa la chama cha msingi cha ushirika, lile lililokaa tupu tangu bei ya kahawa ilipoanguka. Juma la sita alikuwa na ufunguo wake. Tarehe 3 Septemba 2016 alifungua maktaba, na juu ya mlango akaandika kwa chokaa: Karibu, hakuna kiingilio.

Watu wakaanza kumwita Mama Maktaba. Walimwita hivyo sokoni, kanisani, hata kwenye simu ya nyumbani kwake, mumewe akiipokea. Mtu anaweza kumvumilia mke mwenza wa kawaida, kwa sababu mke mwenza wa kawaida huzeeka. Huyu wa Abdiel alikuwa na kuta za mawe na paa la bati, alinukia kahawa, na kila mwezi alizidi kupendeza. Wahenga wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Abdiel alishiriki kikamilifu na hakukonda hata kidogo, ila alihamia maktaba. Kila asubuhi alikwenda akaketi kwenye benchi la pembeni ya meza ya mkewe. Hakusoma, aliketi tu kuangalia nani anaingia.

Aliyeingia kuliko wote ni Mwalimu Lesikar, mwalimu mstaafu wa Kisongo, ambaye leo amekaa mstari wa tatu na miwani yake. Kila Jumatano alikuja na pikipiki kutoka Kisongo, na anayeijua njia anajua kwamba mtu anavuka Arusha nzima na kipande cha Meru kufika hapa. Abdiel alimuuliza kama Kisongo hakuna vivuli vya kupumzikia wastaafu. Mwalimu alijibu kwamba vivuli vipo, vitabu ndivyo havipo. Lilikuwa jibu la kweli, kwa hiyo Abdiel alinuna. Mwalimu na Agnela walizungumza habari za vitabu kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa maktaba, na Abdiel angependelea sana wazungumze kwa sauti ya juu.

Walichozungumza zaidi kilikuwa bajeti. Vitabu vya ghalani vilikuwa vya msaada, na msaada unakuja na yake. Katoni moja ilileta vitabu vya kufundisha watu kuteleza kwenye theluji. Agnela alishukuru, akavipanga, lakini alisema anayepaswa kuishika maktaba ni serikali, kwa sababu yenyewe haistaafu na haihami, na kodi tunailipa kila tunaponunua sabuni. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka halmashauri iweke kifungu cha maktaba kwenye bajeti yake: mshahara wa mkutubi, umeme, na vitabu vipya kila mwaka, mlango ukiwa wazi bure kwa kila mtu. Katika kikao kimoja mheshimiwa fulani, ambaye muda wake umeshapita, alimshauri aweke japo kiingilio kidogo ili maktaba ijiendeshe.

"Mheshimiwa," Agnela akamjibu, "ile barabara ya kwenda kwako inajiendesha?"

Watu walicheka, yeye hakucheka. "Mwenye hela atanunua kitabu chake akasomee kitandani," akasema. "Mimi nauliza habari za yule mwingine."

Mwaka 2019 halmashauri ikakubali kutuma wataalamu waje waone kama wasomaji wapo kweli. Hapa ndipo kijiji chetu kilipofanya kosa ambalo kijiji kingine kisingelifanya. Sisi tukiambiwa wageni wanakuja tunajua cha kufanya. Mabenchi yalitolewa nje yakasuguliwa, sakafu ikapigwa deki, loshoro ikapikwa, na wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo, wakaondoka wenyewe ili wageni wapate mahali pa kukaa. Wengine walijipanga nje ya ua wamevaa nguo za Jumapili. Ni heshima, nani atabaki amekalia benchi wageni wamesimama? Wataalamu wakaingia, wakakuta ghala linang'aa na benchi moja tu lina mtu. Mtu huyo alikuwa Abdiel, ambaye asingemwacha mke wake ndani na wanaume watatu wa mjini, heshima au si heshima.

"Mzee, shikamoo," mmoja wao akamwambia. "Unasoma nini hapa?"

"Marahaba. Sisomi. Nimemkalia mke wangu."

Wageni walikula, wakashukuru, wakaondoka. Taarifa yao ilisema jengo ni zuri, usafi ni wa kupigiwa mfano, wasomaji hawapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwaka ule mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Kifungu hakikupita. Agnela hakumsema mtu yeyote. Alilia nyuma ya nyumba karibu na mizinga, mahali ambapo alijua mumewe hamfuati, na siku hiyo mumewe alimfuata.

Mwaka 2020 tulipata diwani mpya, Mheshimiwa Prisca, ambaye yuko nasi leo na tunamshukuru, maana angeweza kutuma mwakilishi. Agnela alimwambia, "Mwanangu, usitutajie siku. Utatuharibia. Njoo kama mwizi." Mheshimiwa akaja Jumamosi moja bila taarifa, akakosa pa kukaa. Wanafunzi walijaa mabenchi yote, akina mama wa maziwa walikuwa wamezunguka kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, na watoto walikuwa sakafuni. Alipotaka kusema neno, kitoto kimoja kikamwambia, "Shikamoo. Hapa tunanyamaza." Alikaa juu ya gunia mpaka mchana. Alipoondoka aliahidi kwamba kifungu kitapita. Mwaka uliofuata hakikupita. Mwaka mwingine kiliandikwa, na siku ya mwisho kikakatwa kupisha mambo yaliyoitwa ya dharura. Agnela alisema kinachokatwa kila mara mwisho ni kile ambacho hakina mtu wa kukipigia kelele, na wasomaji wamefundishwa kunyamaza.

Marehemu alianza kuumwa mwishoni mwa 2022. Miguu ilivimba, madaktari wakasema ni figo, na kuanzia Machi 2023 akawa anakwenda hospitali mjini siku tatu kwa wiki kusafishwa damu. Mume wa marehemu alimpeleka kwa gari lake mwenyewe. Hataki kusema uongo mbele ya jeneza: aliumia kumwona akiumwa, na papo hapo alifurahi kuwa naye ndani ya gari, wawili tu, vioo vimepandishwa, hakuna anayegonga kuulizia kitabu. Furaha ile ilidumu mpaka hospitali. Juma la kwanza Agnela alisoma kwa sauti kwa ajili ya mama aliyelazwa kitanda cha jirani. Juma la tatu chumba kizima kilimsubiri, na mzee mmoja kutoka Monduli aliomba abadilishiwe zamu ili aangukie zamu ya Agnela. Abdiel alimtazama mzee yule kwa makini sana, pamoja na mipira yake ya damu.

Siku ambazo hazikuwa za hospitali, Agnela alilala, na alimwambia mumewe, "Baba Nice, kafungue." Kwa hiyo mtu aliyeomba kwa miaka saba maktaba ile ifungwe akawa ndiye anayeifungua. Alifagia, alipanga rafu vibaya, na alijifunza nani husoma nini. Katika hao alikuwepo Nashipae, binti wa kidato cha nne, ambaye nyumbani kwao hakuna umeme na aliyesomea ghalani mpaka giza linapoingia. Abdiel alimpenda kwa sababu hakuuliza maswali.

Mwezi wa Agosti taa mbili ziliungua. Mwalimu Lesikar, kwa nia njema kabisa, aliweka kopo mezani lenye maandishi: changia unachoweza. Hakukuwa na lazima yoyote. Jioni ile Abdiel akiwa kwenye benchi lake alimwona Nashipae akifika mlangoni. Binti alilitazama kopo. Akajipapasa mfuko wa sketi, akatazama nyuma kama mtu aliyekumbuka jambo nyumbani, akageuka. Abdiel alikuwa amesikia habari za watu wanaogeuka mlangoni kila jioni tangu ujana wake, na alikuwa akizisikia huku anakula. Hakuwahi kuwaona. Alinyanyuka, akalitupa kopo shimoni nyuma ya ghala.

Kesho yake alimpeleka mkewe hospitali akiwa na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi. Kwa mara ya kwanza Mwalimu alikuwa amekosea na yeye Abdiel alikuwa amepatia, na aliisimulia polepole ili isiishe upesi. Agnela alicheka mpaka nesi akaja. Halafu akauliza, "Na yule binti alirudi?"

Abdiel hakujua. Alikuwa ameshughulika na kumshinda Mwalimu, akamsahau binti. Jioni hiyo alipanda mpaka kwa akina Nashipae, akasimama uani na kofia mkononi, akasema mlango uko wazi na hakuna kopo. Mama yake binti akashangaa mzee mzima kupanda mlima wote kwa habari ya kopo. Nashipae alirudi, akafanya mtihani wake wa kidato cha nne. Leo amekaa na wanakwaya.

Ijumaa ya tarehe 9 Februari 2024 Agnela aliongea kwa mara ya mwisho maneno marefu. Aliuliza kikao cha bajeti ni lini. Mumewe akamwambia ni Alhamisi ya tarehe 22.

"Uende," akasema.

"Niende nikafanye nini, Mama Nice? Mimi si mtu wa vikao. Sijui kusema."

"Usiseme. Nenda ukakae. Wewe kukaa unajua."

Aliaga dunia Jumapili tarehe 11 Februari, saa tatu asubuhi, watu wakiwa ibadani, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Mumewe alikuwa ameshika mkono wake, na hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Anamshukuru Mungu kwa hilo, na haoni aibu kusema hivyo.

Juma lote hili la msiba nyumba ilijaa. Watu waliokuja ni wengi kuliko wote ambao ukoo wetu umewahi kuwaona, na karibu kila mmoja alikaa karibu na mume wa marehemu akamweleza jinsi Agnela alivyokuwa wake: alivyomchagulia kitabu, alivyomfundisha kujaza fomu ya chuo, alivyomtumia nauli. Mume alisikiliza wote. Aliona wivu kwa kila mmoja, kwa zamu, na anaona hata sasa akiwatazama mlivyojaa mpaka barabarani. Mlimpata bila kiingilio, ninyi nyote. Yeye alitoa mahari.

Jumanne Mheshimiwa Prisca alikuja kuhani, akiwa na Mwalimu Lesikar. Baada ya pole akasema, "Baba, viongozi tumeongea. Tunataka kumuenzi Mama. Maktaba iitwe kwa jina lake. Kibao kiko kwa fundi tayari, tunaomba tu baraka zako tukitangaze siku ya mazishi."

Abdiel akauliza, "Na kifungu?"

"Kifungu ni mchakato, Baba. Mwaka huu hali ni ngumu. Tunaanza na jina."

"Kibao kimepata fedha bila mchakato?"

Mwalimu Lesikar akaingia kati kwa upole. "Abdiel, ndugu yangu, kubali. Jina la Mama sasa ni la jamii nzima."

"Mwalimu," Abdiel akasema, "wakati wa kupeleka mahari Kibosho, jamii ilichangia ng'ombe wangapi?"

Waliokaa turubaini walicheka wakajiziba midomo, maana ni msiba. Lakini Abdiel hakuwa anatania. Aliwaambia hivi, na ameomba yarudiwe leo mbele yenu wote kama alivyoyasema. Alisema mke wake alitumikia watu maisha yake yote na watu walimchukua mzima mzima, asubuhi, jioni, na hospitalini akiwa kwenye mipira. Alichobakiwa nacho mumewe ni jina. Kibao kikishapigwa misumari, kila mtu ataona kazi imekwisha. Watapiga picha, watapeana mikono, na mwaka ujao kifungu kitakatwa tena. Ghala litafungwa kimya kimya, na jina la Agnela litabaki linaning'inia juu ya mlango uliofungwa, kama vile vitabu vya kabati la kioo, vya kuonyeshwa wageni. Yeye hatakubali kumwona pale. Wivu wake haujapungua kiasi cha kumtoa mke wake bure.

"Kwa hiyo hulitoi?" Mheshimiwa akauliza.

"Silitoi. Pitisheni kifungu, mlango ubaki bila kiingilio, muajiri mkutubi, ndipo mje kuniomba jina. Mtanikuta nyumbani. Nitaona wivu, lakini nitalitoa."

"Baba, umenibana."

"Bado, mwanangu. Nitakuja Alhamisi."

Na atakwenda kwenye kikao hicho cha tarehe 22. Mwalimu Lesikar amesema atampitia na pikipiki yake saa moja asubuhi, na Abdiel amekubali kupanda nyuma yake, jambo ambalo wanaomfahamu watalipima wenyewe. Nashipae anakuja na wanafunzi wenzake. Akina mama wa maziwa wanakuja. Ukumbi wa halmashauri una viti vya wasikilizaji, nasi tunaomba radhi mapema, kwa sababu safari hii wageni wakiingia hakuna atakayenyanyuka kuwapisha.

Marehemu ameacha mume, Abdiel, ambaye ni mmoja tu, watoto watatu, Nice, Gadiel na Anjela, wajukuu watano, dada yake mmoja huko Kibosho, na mashemeji, akiwemo Eliasi anayesoma. Wasomaji wake hawakuorodheshwa, kwa sababu mume wa marehemu ameona sehemu hii ni ya familia. Maktaba itafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, bure, kama kawaida.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Yeye apumzike kwa amani. Waheshimiwa madiwani wasipumzike mpaka Alhamisi.